Dashibodi ya Benzi ya mzee imepasuka: nijaze, nifunike au niagize mpya?

SWALI: "Fundi, habari za kazi. Marehemu baba aliniachia Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1981, usukani wa kulia. Injini iko imara na bodi haina kutu ya kutisha, lakini dashibodi imepasuka mahali patatu: juu ya geji, kwenye kona ya spika upande wa abiria, na ufa mrefu unaoanzia kwenye matundu yanayopuliza hewa kioo cha mbele. Naona nyufa zinaongezeka. Gari linashinda juani karibu na ofisi, Mwanza mjini. Fundi mmoja wa Nyakato anasema atajaza puti na kupuliza rangi nyeusi, kazi ya siku moja. Mwingine anataka kuifunika kwa reksini hapohapo bila kuitoa. Jirani ananiambia nipake mafuta ya nazi kila Jumapili, ngozi itarudi. Na mimi mwenyewe nimeona mpya mtandaoni inauzwa Marekani. Sitaki kuharibu gari la mzee. Nimsikilize nani?"

JIBU: Pole kwa msiba wa mzee, ndugu yangu, na hongera kwa kulitunza gari lake mpaka leo. Ukisoma swali lako vizuri, nyufa ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni hofu ya kumkabidhi mtu kitu cha baba halafu akurudishie kikiwa kibaya kuliko alivyokipokea. Hofu hiyo ina msingi. Kwenye dashibodi, matengenezo mabovu ni magumu kuyaondoa kuliko ufa wenyewe. Kwa hiyo nakujibu kwanza kwa ufupi: hao mafundi wawili wasianze kazi kwa sasa, mafuta ya nazi yabaki jikoni, na usilipie chochote Marekani. Sasa nikueleze sababu, kisha tuangalie njia ulizonazo.

Jirani yako anaiita ngozi, na wengi huiita hivyo, lakini pale hakuna ngozi. Kwenye Benzi za aina yako, zile za W123 zilizotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, dashibodi ina matabaka matatu. Juu kuna utando wa vinaili wenye vinyweleo vilivyochapwa kiwandani ili ufanane na ngozi. Chini ya utando kuna sponji ya poliyurethani iliyoshikana nao. Chini kabisa kuna kiunzi kigumu kinachobeba umbo lote.

Ule utando wa juu ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. Bomba ni gumu na dashibodi ni laini kwa sababu kiwandani dashibodi ilichanganywa na kilainishi, kimiminika chenye asili ya mafuta. Kilainishi hicho hakijaungana na plastiki moja kwa moja, kimejipenyeza tu ndani yake. Joto likipanda kinatoka kidogo kidogo, kingine kikipotea hewani, kingine kikinyonywa na sponji iliyo chini. Ukitaka kukiona, panda kwenye gari lolote lenye miaka michache tu na linaloshinda juani, upitishe kidole upande wa ndani wa kioo cha mbele, chini kabisa. Ule ukungu wenye utelezi unaobaki kidoleni, ambao ukiufuta leo baada ya wiki chache umerudi, kwa sehemu kubwa ni kilainishi kilichohama kutoka kwenye plastiki za ndani. Kwenye gari la zaidi ya miaka 40 kama lako huenda usiuone sana, maana kilichobaki cha kutoka ni kidogo.

Kilainishi kikishapungua, utando unakuwa mgumu na papo hapo unasinyaa. Watu huutaja ugumu na kusahau kusinyaa, na kusinyaa ndiko kunakopasua. Utando umeshikwa pande zote na hauna pa kwenda, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa ikazidi kukauka. Mvutano wote unakimbilia penye kona na matundu. Angalia nyufa zako ziko wapi: kona ya spika, matundu ya kioo, na pale juu ya geji ambapo umbo linapinda ghafla. Hakuna aliyepagonga. Ni palepale ambapo ungetegemea utando ukatike kwanza. Sasa tazama kwa karibu midomo ya ufa wowote. Bila shaka imejikunja kuelekea juu, kwa sababu uso unaopigwa na jua umepoteza kilainishi zaidi kuliko upande wa chini, nao umesinyaa zaidi.

Mwanza inazidisha mambo. Tuko nyuzi kama 2.5 tu kusini mwa Ikweta, na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Tena tuko juu: uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Upepo wa ziwa unatudanganya. Wewe umesimama nje barazani unajisikia vizuri, huku ndani ya gari lililofungwa uso wa dashibodi nyeusi unaweza kupita nyuzi 70. Kioo cha mbele huchuja sehemu kubwa ya mionzi hiyo, lakini joto hakilizuii kwa kiasi cha kukusaidia. Kwa hiyo adui yako mkubwa ni joto, na kila nitakachokushauri hapa chini kinaanzia hapo.

Tuanze na mafuta ya nazi, kwa sababu jirani ana nia njema na ushauri wake unasikika mitaani kote. Mafuta hayo hayarudi mahali pa kilainishi cha kiwandani. Yanakaa juu, yanang'aa siku mbili tatu, yanakusanya vumbi, na yakikutana na joto yanaanza kunuka. Dawa za kung'arisha zenye silikoni ni mbaya zaidi kwa mtu anayetaka kutengeneza, kwa kuwa silikoni inaingia kwenye vinyweleo na kwenye nyufa, na baadaye gundi wala rangi havishiki. Ukipulizia rangi juu yake inajitenga na kuacha vishimo vidogovidogo kama macho ya samaki. Kama umeshapaka, usihangaike, ila lazima umwambie fundi atakayeshika kazi ili aisafishe vizuri kwanza. Kwa usafi wa kawaida tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo na kitambaa laini kilichokamuliwa. Usitumie petroli wala thina. Vitu hivyo vinafyonza hata kile kilainishi kidogo kilichobaki.

Puti ya bodi ina tatizo jingine. Ilitengenezwa ikae juu ya bati, nayo ikishakauka inakuwa ngumu kama jiwe. Dashibodi yako inatanuka mchana na kusinyaa usiku, kila siku ya Mungu, na sponji iliyo chini inabonyea ukiigusa. Ukiweka kipande kigumu katikati ya kitu kinachocheza, hakitapasuka chenyewe, kitang'oka pembeni, na utapata nyufa mbili sambamba palipokuwa na moja. Huyo fundi hakudanganyi. Anajua kazi yake ya mabati na anaileta mahali isipofaa. Ila kuna jambo zito kuliko hilo la urembo. Ile sponji imewekwa pia ili kichwa cha abiria kikirushwa mbele kikutane na kitu kinachobonyea, na gari lako halina mto wa hewa upande wa abiria. Dashibodi iliyojazwa puti pana, au iliyopakwa faiba juu kama boti, inakuwa ngumu mahali ambapo haikupaswa kuwa ngumu. Hilo silipendekezi kwa gari ambalo bado linapakia watu.

Kuhusu gundi ya supa, hukuuliza lakini najua itakujia akilini. Ufa hauwezi kuvutwa ukafungwa. Utando ni mfupi sasa kuliko ulivyokuwa mwaka 1981, na ile nafasi unayoiona ni kipande ambacho hakipo tena. Ukilazimisha midomo ikutane, utando utachanika pengine. Ufa hujazwa, haushonwi.

Na yule wa reksini? Wazo lenyewe si baya, tatizo ni yale maneno "hapohapo bila kuitoa". Reksini ikibandikwa juu ya midomo iliyojikunja, baada ya muda mfupi utaona mistari ya nyufa imechomoza kupitia reksini mpya. Halafu pembe za mbele, zile zilizobanana na kioo, mkono haufiki kuzikunja na kuzibana vizuri. Hapo ndipo reksini inaanzia kubanduka. Tena uliza gundi gani. Gundi ya kawaida ya viatu inalainika kwenye joto ambalo dashibodi inalifikia karibu kila mchana wa jua kali, kisha reksini inanyanyuka penye mabonde, hasa kwenye kile kivuli cha geji, yaani ule ukingo uliochomoza juu ya geji. Nimeona kazi nzuri kwa macho zikiharibika kwa sababu hiyo moja tu.

Kabla ya kuchagua njia, pima hali ya dashibodi yako kwa vidole. Fanya hivyo asubuhi gari likiwa limepoa. Bonyeza sentimita mbili tatu kutoka kwenye ufa. Ikibonyea na kurudi polepole, sponji bado ipo hai. Ukisikia inachakarika kama biskuti, au ukiona unga wa rangi ya kahawia unatoka ufani, sponji imekufa eneo hilo. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na unyevu ukichanganyika na joto huvunja poliyurethani taratibu. Kisha bonyeza utando wenyewe kwa ukucha. Alama ikipotea, una bahati. Ikikataa kabisa kubonyea, ukahisi unagusa bomba, basi utando mzima umeisha, na ufa utakaojazwa leo utafuatiwa na mwingine pembeni yake. Rudia kipimo hicho mahali pengi, hata kwenye sehemu za chini zisizoonwa na jua, ili uone tofauti.

Kama utando bado una uhai na nyufa ni hizo tatu tu, kujaza kunawezekana, lakini kwa vifaa vinavyonyumbuka. Tafuta gundi za kutengenezea bampa za plastiki, zile za mirija miwili inayochanganyika, na soma kwenye kasha kama zinabaki laini zikishakauka. Kazi yenyewe inakwenda hivi. Midomo iliyonyanyuka inakatwa kwa kisu kikali mpaka pande zote ziwe chini kidogo ya uso wa dashibodi. Mwisho wa kila ufa unatobolewa kitundu cha duara cha milimita 2 au 3, ili mvutano usipate ncha kali ya kuendelea kuchana. Sponji iliyooza inatolewa, iliyobaki inasafishwa. Kijazo kinawekwa kwa matabaka membamba, kinasuguliwa kwa msasa kuanzia namba 80, kisha 180, kisha 320. Baada ya hapo vinyweleo vinarudishwa kwa dawa ya kupuliza inayotengeneza chembechembe, na mwishoni inapigwa rangi maalumu ya vinaili, sio rangi ya bodi. Rangi ipulizwe dashibodi nzima, kona hadi kona, kwa sababu kiraka cha rangi mpya juu ya vinaili ya miaka 40 kitaonekana hata usiku. Fundi akiwa mzuri, utahitaji kujua mahali palipokuwa na ufa ndipo upaone. Lakini nikuambie ukweli: kazi hii hudumu miaka kadhaa tu, na urefu wa hiyo miaka unategemea kivuli kuliko unavyotegemea fundi.

Kama utando umeisha, njia ninayoiamini kwa mtu aliye Mwanza ni kuitoa dashibodi yote, kuuvua utando wa zamani, kutengeneza sponji upya, kisha kuivalisha reksini mpya mezani. Mafundi siti wenye mikono ya kazi hiyo tunao. Mtu anayeweza kuvalisha siti ya basi na mlango wa gari dogo bila mikunjo anaweza kuvalisha dashibodi, ila atahitaji reksini inayovutika pande zote, gundi inayostahimili joto, na muda. Asikubali kuburuta kipande kimoja juu ya umbo lote la W123. Lina mabonde mengi. Mshono mmoja au miwili iliyonyooka, ikipita penye ukingo wa asili wa umbo, inapendeza kuliko reksini iliyovutwa kwa nguvu, kwa sababu iliyovutwa kwa nguvu imeshaanza kujiandaa kupasuka. Ukiuliza kama haitafanana na ya kiwandani, ni kweli haitafanana kabisa. Mwenye gari la maonyesho angeikataa. Mtu anayeendesha gari la baba yake kwenda kazini, naona ataridhika nayo.

Jaribio moja dogo litakuokoa. Mwombe fundi abandike kipande cha reksini hiyohiyo, kwa gundi hiyohiyo, juu ya kibao kilichopinda kidogo. Kiweke juu ya dashibodi yako, ndani ya kioo, uache gari juani wiki nzima. Kikinyanyuka pembeni, umejua kabla hujalipa. Kazi ya gundi na rangi ipangiwe kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu katikati ya masika hewa yenye unyevu inaacha utandu wa maji juu ya gundi inayokauka na haishiki inavyotakiwa. Na rangi iwe nyeusi au ya kufifia, isiyong'aa. Reksini inayong'aa, au ya rangi ya maziwa, inajitupa kwenye kioo cha mbele, na jioni ukiwa unatoka Nyakato kurudi mjini jua likiwa machoni, utaona dashibodi yako badala ya bodaboda iliyo mbele.

Kuna pia kava gumu la plastiki, linalofinyangwa kwa umbo la dashibodi na kubandikwa juu ya ile ya zamani. Wapenzi wa magari ya kale wanalidharau. Mimi silidharau. Linaficha nyufa, linaziba jua, na likipata umbo sahihi linakaa vizuri. Ubaya wake ni kwamba ni gumu, na ulilolificha halijapona. Pia gundi ya kulishika ikishakauka, kulitoa bila kung'oa utando wa chini ni karibu muhali, kwa hiyo anayelichagua ajue ameshafunga mlango wa kuirejesha ile ya asili. Msomaji mwenye gari la miaka ya 1990 kuja huku, lenye mto wa hewa uliofichwa ndani ya dashibodi upande wa abiria, asiweke kava wala reksini juu ya mahali hapo kabisa.

Sasa Marekani. Huko W123 nyingi ziliuzwa, na ndiyo maana dashibodi mpya na makava vinapatikana. Lakini Wamarekani wanaendesha usukani ukiwa kushoto. Dashibodi yao ina kivuli cha geji upande ambao kwako ni wa abiria, na hakuna fundi atakayeigeuza. Nimekutana na watu waliokwisha kulipa ndipo wakagundua. Ukitaka kuagiza, tafuta nchi zinazoendesha kama sisi: Uingereza, Australia, na hasa Afrika Kusini, ambako W123 ziliunganishwa East London kwa usukani wa kulia, kwa hiyo vipuri vyake, hata vya magari yaliyokufa, vipo. Mwulize muuzaji akutumie picha iliyopigwa kutoka kiti cha nyuma ikionyesha dashibodi yote, na picha za karibu za matundu ya juu na kona za spika. Ya mtumba iliyokaa juani Johannesburg inaweza kuwa na nyufa zilezile zako.

Hesabu ya usafiri nayo inashtua watu. Dashibodi ni kubwa na nyepesi, na mashirika ya ndege hutoza kwa ukubwa wa kasha pale ukubwa unapozidi uzito. Kanuni ya kawaida ya mizigo ya anga ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 6,000. Kasha la sentimita 150 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 50, hata kama lililomo ndani halifiki nusu yake. Kwa meli hadi Dar es Salaam ni nafuu zaidi, kisha ushuru na VAT ya asilimia 18, kisha zaidi ya kilomita 1,100 za barabara mpaka Mwanza. Pata makadirio ya wakala wa forodha kwa maandishi kabla hujamlipa muuzaji. Kwa jumla ya gharama ambazo watu hunionyesha, mara nyingi kuagiza kunageuka kuwa njia ghali kuliko zote, na bado utamhitaji fundi wa kuifunga.

Kuna warsha nje ya nchi zinazopokea kiunzi chako cha zamani na kukimiminia sponji na utando mpya kwa chombo cha kufyonza hewa. Matokeo yao ndiyo yanayokaribia sana kiwanda. Sikuambii ukipeleke kiunzi chako leo. Nakuambia ili uelewe kwamba kiunzi hicho ni mali. Njia yoyote utakayoichagua, hata ukipata mpya kabisa, ile ya zamani usiitupe wala usimwachie fundi. Ifunge kwa kitambaa, uiweke chini ya kitanda. Na mabaki ya sponji na vinaili yasichomwe moto uani, maana moshi wake una sumu kali.

Kuitoa dashibodi ya W123 ni kazi ya siku nzima au mbili, na hapa ndipo ninapokuomba usijaribu peke yako kama hujawahi. Betri inafunguliwa kwanza. Kila hatua inapigwa picha kwa simu, na kila skrubu inawekwa kwenye mfuko ulioandikwa ilikotoka. Plastiki na mbao za umri huo zinavunjika kwa kulazimishwa kidogo tu, kwa hiyo fundi mwenye haraka humtaki. Kubwa kuliko yote: nyuma ya geji, pamoja na kebo ya spidi na nyaya, kuna kibomba chembamba kinacholeta oili kutoka kwenye injini. Geji ya presha ya oili kwenye gari lako inasomwa na oili yenyewe, haitumii umeme. Fundi asiyelijua hilo akivuta geji kwa nguvu, kibomba kinapasuka, na injini ikiwashwa oili ya moto inamwagika miguuni mwa dereva. Mwulize fundi swali hilohilo kabla ya kumpa ufunguo: "Geji ya oili ya gari hili inafanyaje kazi?" Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kufika huko nyuma.

Swali jingine la kumwuliza ni wapi utaona kazi yake iliyokaa juani mwaka mzima. Iliyomalizika jana haikuonyeshi chochote. Kama huna unayemwamini, ulizia walimu wa ushonaji wa siti na ufundi magari kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA. Wao huwa wanajua nani mjini ana mkono.

Huku ukijipanga, leo hii unaweza kuzisimamisha nyufa zisikimbie. Nunua kikinga jua cha karatasi ya fedha kinachofunika kioo chote cha mbele, ukitumie kila unaposhuka, hata ukienda dakika ishirini. Acha madirisha wazi kwa upana wa kidole pale usalama unaporuhusu. Na ujifunze kuegesha. Mwezi Juni jua la mchana linapita kaskazini mwetu, kwa hiyo pua ya gari ielekee kusini. Desemba geuza, pua iwe kaskazini. Kivuli cha mwembe ni kizuri ila angalia juu kwanza, hasa ukiwa maeneo ya Mwaloni penye soko la samaki, kwa sababu kinyesi cha korongo kinakula rangi ya boneti. Vile vitandiko vya kitambaa au manyoya vya kulaza juu ya dashibodi navyo vinasaidia kweli kupunguza joto la utando. Vitoe mara moja kwa wiki ili utando ulio chini yake ukauke.

Ningekuwa mimi mwenye hilo gari, ningetumia kikinga jua na kitandiko kuanzia kesho, nikapima kwa vidole, nikasubiri Juni. Utando ukiwa hai ningejaza kwa kijazo laini. Ukiwa umekufa ningeivalisha reksini, ikiwa imetolewa. Kutokana na unavyoeleza nyufa zinavyoongezeka, nadhani utando umeisha, lakini hilo linahitaji mkono juu yake, na maandishi yangu hayawezi kukupimia.

Kuna dalili ambazo hazingoji Juni. Ukisikia harufu ya oili au ya waya unaoungua ndani ya gari, ukiona geji zinachezacheza, au taa za dashibodi zinazima ukipita kwenye matuta, peleka gari kwa fundi umeme wa magari sasa hivi. Vivyo hivyo kipande cha utando kikianza kudondokea kwenye matundu ya hewa, au kikinyanyuka mbele ya macho ya dereva. Na kama kazi ya msasa na kupuliza itafanyika nyumbani kwako, watoto wasiwepo, mlango uwe wazi, na anayefanya avae barakoa ya kuchuja mvuke, sio ile ya kitambaa. Baadhi ya rangi na gundi za mirija miwili zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na mtu akishapata pumu kutokana nazo, hata kiasi kidogo baadaye humrudishia shida. Ukienda kumwona fundi, beba picha za nyufa zote ukiwa umeweka rula pembeni, na ile orodha ya mahali ulipobonyeza: palipobonyea, palipochakarika, palipokataa. Mazungumzo ya bei yataanzia kwenye hali halisi ya gari.